Daftari la Mlalamikaji: Tabora, Igunga na Kumbukumbu za Makosa ya Walinzi wa Amani

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lilieleweka Tabora kuliko mahali pengi pa bara, kwa kuwa mji huo ulikua kwa biashara ya misafara, na msafara haukuweza kwenda bila hesabu. Pembe zilihesabiwa, marobota ya nguo yalihesabiwa, na deni la mtu lilimngoja njiani hata akarudi kutoka Ujiji. Mfanyabiashara asiyeandika alikuwa akiomba kuibiwa.

Lakini methali hiyo yahusu zaidi ya mali. Haki nayo ina daftari lake. Mtu akidhulumiwa na jirani yake, wapo mashahidi, wapo wazee, na lipo baraza. Akidhulumiwa na yule aliyepewa sare na silaha ili amlinde, mashahidi huogopa na wazee hunyamaza. Hapo maandishi ndiyo hubaki kuwa shahidi peke yake asiyetishika. Ni nani basi aandikaye? Na akiisha kuandika, ni nani aruhusiwaye kusoma? Historia ya nchi ya Tabora, tangu enzi ya Mdachi, yaonyesha kwamba mambo haya hayakukosa kuandikwa. Yaliandikwa sana. Kilichokosekana ni daftari ambalo mlalamikaji mwenyewe angeweza kulifungua.

Yafaa kuanza na Igunga, kwa sababu hapo jambo lenyewe huonekana wazi. Igunga ni wilaya ya mkoa wa Tabora iliyokatwa kutoka Nzega, upande wa kaskazini wa ile njia kuu ya zamani ya misafara. Mbuga ya Wembere iko mashariki yake, na bonde la Manonga kaskazini. Wenyeji wake hulima pamba na mpunga, hufuga ng'ombe, na huishi kando ya barabara itokayo Singida kwenda Nzega hata Mwanza. Mkulima wa huko akiibiwa ng'ombe, huenda kituoni, huandikiwa taarifa yake, naye hupewa namba ambayo watu wote huiita RB. Akipigwa na mwizi, hupewa hati ya PF3 apeleke hospitali, daktari aandike majeraha, na hati hiyo iwe ushahidi mahakamani. Utaratibu huu ni mzuri maadamu aliyempiga ni mwizi. Je, aliyempiga akiwa ni askari? Kwa desturi ya miaka mingi, RB hutolewa kwenye meza ile ile, na PF3 hutoka katika ofisi ile ile. Mwenye jeraha hana budi kumwomba kalamu mwenzake yule aliyemjeruhi. Watu wa kawaida wamelipatia jambo hili methali: kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Desturi hii haikuzuka juzi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipokufa ndani ya ngome yake mwezi wa Januari 1893, akipigana na majeshi ya Wadachi, Tabora iliingia chini ya utawala ambao ulipenda sana kuandika. Tarehe 22 Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani alitoa amri juu ya adhabu za wenyeji katika makoloni ya Afrika. Amri hiyo iliruhusu viboko visivyozidi 25 kwa mara moja, na ikakubali adhabu hiyo itolewe kwa awamu mbili, ya pili isipungue wiki mbili baada ya ya kwanza. Wanawake walitolewa katika adhabu hiyo. Waarabu na Wahindi pia. Ilitakiwa Mzungu awepo viboko vinapopigwa, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Kutoka katika madaftari hayo zilifanywa hesabu, na hesabu hizo zilichapishwa katika taarifa za kila mwaka zilizopelekwa mbele ya bunge la Berlin.

Ni ajabu iliyoje! Pigo la kiboko lililotua juu ya mgongo wa Mnyamwezi liliandikwa, likajumlishwa, likapigwa chapa, likasomwa na watu wa nchi ya mbali ambao hawakupata kumwona. Wabunge wa upinzani walizitumia hesabu hizo kuishutumu serikali yao. Bernhard Dernburg, aliyesimamia mambo ya makoloni, alipoitembelea Afrika ya Mashariki mwaka 1907 na kurudi kwao, aliwaambia wabunge mwaka 1908 kwamba karibu kila Mzungu huko hutembea na kiboko mkononi. Basi maandishi yalifanya kazi fulani, maana bila hesabu pasingekuwa na shutuma. Lakini aliyechapwa hakuwa msomaji wa daftari lile. Yeye alikuwa tarakimu ndani yake. Safu ya kosa ilikuwamo, safu ya adhabu ilikuwamo, ila hapakuwa na safu ya mtu kusema kwamba amepigwa bure. Kumbukumbu ya watu ililihifadhi jambo hilo kwa njia yake yenyewe, katika msemo wa hamsa ishirini, ambao wazee waliendelea kuutumia muda mrefu baada ya Mdachi kuondoka.

Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916, kisha ikaingia mikononi mwa Waingereza. Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919. Nje ya miji askari wake walikuwa wachache, na tangu sheria ya mwaka 1926 amri nyingi vijijini zilitekelezwa na matarishi wa watemi. Mwenye lalamiko alikwenda barazani kwa mtemi, na asiporidhika alikwenda bomani kwa Bwana Shauri. Hapa tena tatizo lilikuwa lile lile: tarishi aliyelalamikiwa alikuwa mtu wa mtemi, na mtemi alikuwa mtu wa Bwana Shauri. Lalamiko lilipanda ngazi moja kila mara, na katika kila ngazi lilimkuta ndugu wa mshtakiwa.

Mlango wa kwanza wa nje ulifunguliwa mwaka 1946, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tangu hapo mwananchi aliruhusiwa kuandika barua ya malalamiko na kuipeleka kwa Baraza la Udhamini huko New York, au kuikabidhi kwa wajumbe waliozuru nchi, ambao walifika mara ya kwanza mwaka 1948. Barua hizo zilipewa namba, zikachapishwa, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuzijibu kwa maandishi. Wameru waliutumia mlango huo. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akalieleza jambo hilo kwa kinywa chake. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule. Hata hivyo walipata kitu ambacho watu wa Tabora hawakukipata chini ya Mdachi, nacho ni kurasa za serikali zenye maneno ya mlalamikaji mwenyewe, jina lake likiwa juu na jibu la mtawala likiwa chini. Msomaji wa leo aweza kuziweka pande zote mbili mkono kwa mkono na kuhukumu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, na nchi ikafuata mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, viongozi walitambua kwamba serikali isiyo na chama cha upinzani yahitaji sikio lingine. Ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 1966, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Haikuwapo tume ya namna hiyo katika nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wajumbe wake walizunguka mikoani, wakafanya mabaraza, na kuwaeleza wananchi kwamba mtumishi wa serikali, askari akiwemo, aweza kushtakiwa bila ada na bila wakili. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mkulima. Walakini matokeo ya uchunguzi yalipelekwa kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya. Alikuwa pia na uwezo wa kusimamisha uchunguzi. Taarifa ya mwaka ililetwa Bungeni, ikieleza kazi ya Tume kwa jumla. Mlalamikaji alisikilizwa kwa heshima, kisha daftari likafungwa na kuwekwa Ikulu.

Thamani na udhaifu wa utaratibu huo vilidhihirika miaka kumi baadaye, ng'ambo tu ya mpaka wa Igunga. Mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilikuwa imesumbuliwa na mauaji, mengi yao yakiwa ya vikongwe waliosingiziwa uchawi. Mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama walifanya msako mkubwa wa kuwatafuta wauaji. Wananchi wengi walikamatwa. Waliteswa wakiwa mahabusi ili wakiri. Na wengine walikufa mikononi mwa waliowashika. Habari zilipomfikia Rais Nyerere uchunguzi ulifanywa, na mwezi wa Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, alijiuzulu pia, pamoja na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mwinyi hakutesa mtu, wala hakuamuru mtu ateswe. Alikubali tu kwamba kosa la walio chini ya wizara yake ni mzigo wa waziri. Baadaye baadhi ya maofisa walipelekwa mahakamani, na mwaka 1980 wakatiwa hatiani.

Tendo hilo limesifiwa mara nyingi, nalo lastahili sifa. Wanafunzi hufundishwa kama mfano wa uwajibikaji, na Mwinyi mwenyewe alipofariki mwezi wa Februari 2024, baada ya kuwa Rais kwa miaka kumi, lilikumbukwa tena. Lakini yafaa kuuliza ni nini hasa kilichoingia katika kumbukumbu ya taifa. Majina ya waliojiuzulu yanajulikana na kila mtu. Waliofia mahabusi hawana nafasi katika vitabu vya shule, wala haisimuliwi familia zao zilipata fidia gani. Historia iliandikwa kwa upande wa heshima ya kiongozi, na upande wa mtu aliyeumizwa ukaachwa mtupu. Kwa hiyo taifa lilirithi mfano mwema wa jinsi ya kujiuzulu, lisirithi utaratibu wa jinsi ya kulalamika.

Vijiji havikungoja utaratibu huo uje. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilikuwa nyingi mikononi mwa watu, wizi wa ng'ombe ukazidi, na ikaenea imani kwamba mwizi akipelekwa kituoni jioni huonekana sokoni asubuhi. Kati ya 1981 na 1982, katika vijiji vya mpakani mwa Shinyanga na Tabora, likazuka jeshi la sungusungu, wengine wakaliita basalama, yaani watu wa amani. Liliwashika wezi kwa pinde na filimbi, likawatoza faini, na kuwatenga waliokaidi. Dola iligawanyika juu yao: polisi na mahakama waliwaona ni wavunja sheria, na baadhi yao walishtakiwa na kufungwa, viongozi wa chama waliwaona ni wananchi waliojitetea. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, nao wakapewa nafasi ndani yake.

Haifai kuwasifu sungusungu kupita kiasi. Wao nao waliwachapa watu, na vikongwe waliosingiziwa uchawi hawakusalimika kwao. Lakini kuzuka kwao ni taarifa yenyewe. Pale ambapo lalamiko juu ya mlinzi halina pa kuandikwa, watu hawaachi kulalamika, hubadili mlinzi. Na mlinzi mpya, kwa kuwa naye hana daftari la malalamiko juu yake, huanza mapema kufanana na yule wa kwanza.

Ilibaki njia ya mahakama ya madai. Njia hiyo nayo ilikuwa na lango. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 ilitaka anayeishtaki Serikali apate kwanza kibali cha waziri, maana yake aombe ruhusa kwa yule anayemshtaki. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilitamka kwamba sharti hilo lapingana na Katiba, kwa kuwa lamzuia mtu kuifikia haki. Mwaka 1994 sheria ikarekebishwa: kibali kikaondolewa, badala yake ikatakiwa notisi ya siku 90. Yalikuwa maendeleo ya kweli. Lakini mashauri hayo yaliachwa yafunguliwe Mahakama Kuu tu. Kwa mtu wa Igunga maana yake ni Tabora, kupitia Nzega, safari ya karibu kilomita 200, pamoja na nauli, wakili, na siku za kuacha shamba. Akishinda, hawezi kukamata mali ya Serikali ikapigwa mnada. Hupewa hati ya mahakama, akangoja Hazina ilipe.

Tena kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Shauri likimalizwa kwa mapatano, hukumu huandika kiasi na masharti waliyokubaliana. Haisemi nani alikosa, wala alikosa nini. Fedha hutoka katika kodi ya wote, na kosa hubaki siri ya wawili. Mkulima aliyeuza pamba yake na kukatwa ushuru amechangia fidia ya kosa ambalo hakuambiwa, lililotendwa na mtu ambaye huenda kesho atahamishiwa kituo cha kwao.

Jinsi daftari lifunguliwavyo, na lifanyalo likiisha kufunguliwa, yameonekana kwa jirani. Waingereza walipoondoka Kenya mwaka 1963 walichukua majalada mengi ya siri ya miaka ya hali ya hatari. Wazee waliokuwa wametumikia vizuizi vya Mau Mau walifungua shauri London mwaka 2009 wakidai kwamba waliteswa. Serikali ya Uingereza ilijitetea; lakini mwaka 2011 ikadhihirika kwamba majalada yale yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Ndani yake mlikuwa na barua za maofisa wa koloni wenyewe, wakiulizana na kujibizana juu ya mateso. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alitangaza bungeni masikitiko ya serikali yake, na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Fedha hizo, zikigawanywa, hazikuwa nyingi kwa mtu mmoja. Lakini mapatano yenyewe yalitangazwa: idadi ya watu, kiasi cha fedha, na sababu. Hakuna mwanahistoria atakayeweza tena kusema kwamba mambo hayo yalikuwa uvumi. Kenya yenyewe, kwa sheria ya mwaka 2011, iliunda mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ili lalamiko lipate meza nyingine ya kupelekwa.

Wapo wasemao kwamba daftari la wazi litawavunja moyo askari wema na kuwapa wahalifu silaha ya kuwachafulia majina. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kazi ya askari ina maadui wengi, na si kila lalamiko ni la kweli. Lakini mfano wa Chicago huko Marekani wafundisha kinyume cha hofu hiyo. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya huko iliamua kwamba majalada ya malalamiko juu ya polisi ni mali ya umma. Yalipofunguliwa ilionekana kwamba sehemu ndogo ya askari ilibeba sehemu kubwa ya malalamiko. Basi ni siri iliyokuwa ikiwachafua askari wema, kwa kuwa iliwachanganya na wabaya katika gunia moja. Daftari lililo wazi huandika lalamiko kuwa lalamiko, na uamuzi kuwa uamuzi. Aliyesingiziwa husafishwa kwa maandishi yale yale.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2001 mahali pa ile Tume ya Kudumu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilipitishwa mwaka 2016. Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi mapendekezo yake mwezi wa Julai 2023, na mageuzi ya Jeshi la Polisi yalikuwa miongoni mwake. Sheria na tume basi zipo. Kinachotakiwa ni kitu kidogo kuliko hivyo vyote, nacho chajulikana vizuri katika kila kijiji.

Kila kijiji cha Igunga, kwa mujibu wa taratibu za serikali za mitaa, hutakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na karatasi yake kubandikwa ubaoni. Mzee asiyejua kusoma humwomba mjukuu wake amsomee, na mwenyekiti aliyekula fedha za zahanati huona haya mbele ya watu wote. Hakuna aliyesema kwamba karatasi hiyo yawavunja moyo wenyeviti waaminifu. Basi pasiwe na ugumu kuongeza ubaoni, ngazi ya wilaya, karatasi ya pili: malalamiko mangapi yaliletwa mwaka huu juu ya walinzi wa amani, mangapi yamechunguzwa, uamuzi gani umetolewa, na fidia ya shilingi ngapi imelipwa. Jina la mlalamikaji lifichwe akitaka mwenyewe.

Mdachi alikuwa na daftari, lakini liliandikwa kwa lugha ambayo aliyechapwa hakuijua na kusomwa katika nchi ambayo hakupata kuiona. Daftari la Igunga laweza kuandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa mahali ambapo mwenye jeraha hupita kila siku ya mnada.